Mchanga Mweupe wa Kashulandi

Jumanne, 14 Januari 2025

Wamekuja tena. Magari matatu yenye vioo vyeusi, watu saba wenye viatu vyeupe. Viatu vyeupe kiwandani! Mimi langoni, funguo mkononi. Mwenye kiwanda aliniachia funguo hizi mwaka 2003 kilipofungwa, akasema nishike wiki mbili tu atarudi. Hajarudi. Tangu hapo ndimi mlinzi, mfagiaji na mfukuza mbuzi. Na kuandika sijaacha. Nilipokuwa msimamizi wa zamu nilijaza kitabu cha zamu kila siku, sasa najijazia mwenyewe.

Bosi wao anaitwa Farhan, wa Dar, hajafika arobaini. Shikamoo alinipa, tena ya heshima, ila macho yako kwenye simu. Akazunguka kiwanda kizima ananusanusa. Alipofika kwenye boila, ile tuliyoilisha maganda ya korosho mchana na usiku, akashika kiuno akasema hapa pana vaibu. Vaibu! Shoga yangu Gertruda, tuliyebangua korosho naye benchi moja, aliungua mkono mzima hapo. Huyu kaona vaibu.

Habari yenyewe: kiwanda kinageuzwa bustani ya michezo. Gurudumu la kupandisha watu angani, farasi wa kuzunguka, treni ya watoto, jumba la upepo la kurukia. Bustani itaitwa Kashulandi. Eti ni Kizungu cha nchi ya korosho; jina wao wanalitamkia puani, mimi naandika ninavyosikia. Nikauliza kwa nini isiitwe Korosho tu, tukaelewana. Lulu, yule binti anayemfanyia matangazo, akanitazama kwa huruma. Mama, korosho haiuziki, akasema. Haiuziki! Tumebangua tani kwa tani, zimepanda meli zimeliwa na watu wasiojua hata Bagamoyo iko wapi, leo haiuziki.

Nimerudi nyumbani mbavu zinauma kwa kuzuia kicheko.

Alhamisi, 23 Januari

Nimepata cheo! Mimi na Gertruda sasa ni Bibi Korosho. Tumepewa fulana za njano, maandishi kifuani. Kazi yetu: kila Jumamosi na Jumapili tukae kibandani tubangue korosho, watu watupige picha. Gertruda kasema fulana inambana kifua, Lulu kamwambia ndiyo fasheni. Mwanamke ana wajukuu tisa.

Leo mazoezi. Nikaomba majivu. Lulu: majivu ya nini? Nikamweleza kwamba ganda la korosho lina mafuta meusi yanayounguza ngozi, na mbanguaji hashiki kitu kabla hajachovya vidole kwenye majivu. Tumefanya hivyo miaka yote, vidole vyetu ndio ushahidi. Akasema majivu yataonekana uchafu kwenye picha. Akatuletea glovu za plastiki za pinki.

Halafu zikaja korosho zenyewe. Lahaula! Zimekwisha kubanguliwa! Nyeupe, safi, za kwenye pakiti, wamezinunua Msata njiani. Nikamuuliza sasa tubangue nini. Akasema tujifanye tu, Mama, ni kwa ajili ya hisia. Gertruda akala pakiti nzima kwa hisia.

Na mchoraji amemaliza ukuta wa mbele. Amechora bibo kubwa jekundu, lile tunda la mkorosho, lenye macho na mdomo, na korosho ameiweka juu yake kama kofia. Juu! Maisha yake yote hajainua kichwa akautazama mkorosho akaona korosho inaning'inia chini. Nimemwambia. Kasema ndivyo ilivyokuja kwenye kompyuta.

Jumatatu, 3 Februari

Leo kijiko cha kuchimbia kimefika nyuma ya boila.

Naona bora niandike, maana sijapata kuliandika popote, na Gertruda peke yake ndiye anayejua pamoja nami. Wengine wote waliokuwepo ama wamehama ama wamezikwa. Nyuma ya boila kuna shimo. La zege, upana wake darasa zima, kina chake mtu na nusu. Mafuta ya maganda tuliyamwaga humo. Watu wa Kaole walikuja na madebe kuchota wapake nguzo za nyumba, mchwa hazigusi. Mwaka 2001 mkaguzi akaja, akaliona, akatoa wiki mbili: mafuta yatolewe na shimo lisafishwe, la sivyo anafunga kiwanda. Meneja akaniita. Lori la kuyabeba, akasema, litakuja. Halikuja. Siku ya kumi na mbili nikawaamrisha wanawake wa zamu yangu: leteni majivu ya boila, leteni maganda, leteni mchanga. Tukalifukia mafuta yakiwa humo humo. Yalipanda, tukaongeza majivu yakanyonya, yakapanda tena, tukaongeza tena. Juu tukapanda majani. Mkaguzi aliporudi nikamwambia kwa mdomo wangu huu kuwa mafuta yametolewa, shimo limesafishwa, ndipo tukafukia. Akaandika. Nikatia saini.

Kiwanda kikaendelea miaka miwili zaidi. Watu mia moja na arobaini walikula miaka miwili zaidi. Sijutii. Nilikuwa sijutii.

Sasa Farhan anataka hapo pawe maegesho ya magari. Nikasogea, nikakohoa, nikasema, baba, hapo mahali pana mambo yake. Hajageuka hata kugeuka. Mama, usiwe na wasiwasi, injinia ana ramani. Nikaiona ramani. Ya mwaka 1978, kabla shimo halijachimbwa! Injinia kaikunjua juu ya boneti, ameweka kalamu sikioni, anaonyesha kwa kidole kama mwalimu wa jiografia.

Basi, nikanyamaza. Wana ramani. Acha magari yao yachafuke magurudumu, mimi nitakuwa kibandani na glovu zangu za pinki.

Ijumaa, 7 Februari

Dereva wa kijiko, Haidar, mtu wa Miono, mtulivu, leo alishuka kunyoosha mnyororo uliokwama kwenye tope. Jioni mikono imevimba, malengelenge hadi kwenye viwiko. Injinia kasema ni mzio wa maembe. Haidar kasema hajala embe tangu Desemba. Injinia: basi mwili unakumbuka.

Mwili unakumbuka! Msomi huyo.

Nimempa Haidar mafuta ya nyonyo, nikamwambia asishike maji ya moto. Akauliza, mama, tope lile ni la nini? Nikasema uchafu wa kiwanda. Si uongo.

Jumanne, 18 Februari

Lulu amekuja nyumbani. Anakusanya vitu vya kale kwa ajili ya chumba cha historia. Amechukua nyundo yangu ya kubangulia, kitambulisho changu cha kazini nikiwa na shingo nyembamba, na beseni la Gertruda. Kisha akainua macho ukutani. Mama, hiki nini? Kabla sijajibu ameshakishusha.

Cheti changu. Mfanyakazi Bora 2001, kwa kusimamia usafishaji wa shimo la mafuta. Saini ya meneja, muhuri wa kiwanda. Nilikitundika kwa sababu kilikuwa na fremu nzuri na sikuwa na picha ya kutia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia. Kweli ni kwamba nilikipenda.

Sasa kimetundikwa Kashulandi, kimewekewa taa yake. Chini wameandika kwamba wanawake wa Bagamoyo walitunza mazingira kabla dunia haijaanza kuyasemea. Nilisoma mara mbili. Gertruda alisoma mara moja akatoka nje.

Jumapili, 23 Februari

Maegesho yamehamishwa! Juzi tipa la kokoto lilirudi kinyumenyume nyuma ya boila, magurudumu yakazama hadi ekseli. Likavutwa nusu siku. Injinia akapima kwa fimbo, akatoa hukumu: udongo hapa ni laini, haubebi magari. Nikasema moyoni, afadhali, wataligundua shimo sasa bila mimi kusema.

Hawakugundua. Farhan amekuja na wazo jipya, mwenyewe analipigia makofi. Kwa kuwa udongo ni laini na magari ni mazito, watawekwa watoto. Watoto ni wepesi! Wallahi ndivyo alivyosema. Unaletwa mchanga mweupe, matipa kumi na nane, panakuwa ufukwe wa kuchezea, wenye miavuli na ndoo. Ufukwe! Bahari hiyo hapo, mtoto anaifikia kabla hajamaliza barafu yake, ina mchanga wa bure tangu dunia iumbwe, na huyu anajaza ufukwe nyuma ya boila.

Nilikwisha panga kwenda kumwambia leo. Wallahi nilikwisha vaa kanga zangu.

Kisha Adila akaingia mbio, anacheka. Mwanangu hajacheka hivyo tangu arudi kwangu na talaka yake na cherehani isiyo na sindano, mwaka na nusu sasa. Amepata kazi. Kashulandi! Msimamizi wa mchanga: kuangalia watoto, kuusawazisha kwa reki asubuhi na jioni. Amepewa kofia. Mama, akasema, wamenichagua kwa sababu ya jina lako, wameniambia binti wa yule mwenye cheti.

Anaanza kesho. Nikavua kanga zangu nikapika ubwabwa.

Jumatano, 5 Machi. Ramadhani 4

Gertruda kaja kutoka kanisani, leo Jumatano yao ya Majivu, msalaba mweusi kwenye paji la uso. Kakaa barazani. Nami nimefunga, midomo mikavu, sote wawili hatuna cha kula, basi tukagombana.

Alisema, Mama Adila, tukaseme.

Nikamwambia nenda kaseme wewe, una miguu.

Alisema, saini ni yako.

Nikamwambia, na nani alibeba makarai ya majivu? Si wewe? Au yale hayakuwa majivu, yalikuwa sala? Akapangusa paji la uso kwa kiganja, akakitazama kiganja. Akasema alikwenda kuungama, akamwambia padri, na padri kamuuliza watoto wanaanza lini kucheza. Nikamjibu mwambie padri wako aje avae fulana ya njano. Kaondoka bila kuaga. Miaka thelathini na minane hajapata kuondoka kwangu bila kuaga.

Mchanga una kina cha futi mbili. Nimepima mwenyewe kwa fimbo. Futi mbili si kidogo.

Alhamisi, 20 Machi

Masika yameshuka. Siku tatu mfululizo.

Adila anajikuna. Katikati ya vidole vya miguu, na nyayo. Ngozi inabanduka. Kule kanuni ni peku, wafanyakazi na watoto, ili mchanga ubaki mweupe kwa ajili ya picha. Anasema ni sabuni mpya. Kisha anasema labda ni fangasi za mvua. Nilimpaka nyonyo, mguu mmoja mmoja, kama nilivyompaka akiwa mchanga. Anasema Mama, una mikono mizuri. Nikasema lala pumzika.

Hasira niliyonayo kwa Farhan leo! Kanuni ya peku! Ufukwe wa kichaa! Nimemtukana kimoyomoyo mpaka adhana. 

Ijumaa, 21 Machi

Nimekwenda.

Ofisi yake ina baridi ya friji. Nikasema, baba, kule kwenye mchanga mvua inaleta mafuta juu, mafuta hupanda maji yakiingia, huenda chini bado yamo, tafuta mtu apime. Nilisema *huenda*. Mimi niliyeyafukia nikasema huenda!

Akanisikiliza, kwa mara ya kwanza simu imelala mezani. Akafikiri. Nami nikasema moyoni, sasa. Kisha akatabasamu, akanishika bega, akanipeleka chumba cha historia. Akanisimamisha mbele ya cheti changu. Akanisomea! Mama, shimo lilisafishwa, wewe mwenyewe ulisimamia, muhuri huu hapa. Umesahau, ni umri. Mamangu naye anasahau.

Ningesema pale pale. Neno moja tu: nilidanganya. Lulu alikuwa mlangoni, watu wa rangi walikuwa juu ya ngazi, na taa ile ndogo inamulika jina langu. Nikasema, kweli baba, ni umri.

Wataongeza matipa matatu ya mchanga. Hilo ndilo nililolipata.

Nilimdharau njia nzima kurudi. Viatu vyake, baridi yake, mkono wake begani kwangu. Nimefika nyumbani dharau ikawa imebaki na mimi, Farhan hayupo.

Jumatano, 26 Machi

Sasa nacheka, na hii niandike nisije nikasahau. Mabango yametoka, hadi njia ya Kaole. UFUNGUZI MKUU, IDI MOSI, JUMAPILI TAREHE 30. Nani kamwambia Idi ni Jumapili? Simu! Kalenda ya simu! Wapo wanaofuata mwezi wa Makka, hao nawaheshimu, walianza kufunga Jumamosi. Farhan kaanza na sisi, Jumapili tarehe 2, nilimwona kwa macho yangu Jumamosi ile anakunywa kahawa. Sasa anataka kufungua na wao. Mfungo wa siku ishirini na nane! Haujapata kuwepo tangu Mtume.

Adila kamwambia kwa adabu, bosi, Idi ni Jumatatu au Jumanne, inategemea mwezi. Kasema mabango yameshachapwa.

Jumatatu itakuwa ya watoto wa madrasa, akaongeza, kiingilio bure. Watoto mia mbili. Wote wanaanzia kwenye mchanga, kwa ajili ya video. Adila ndiye atakayewapokea, amefundishwa la kusema: vueni viatu, karibuni ufukweni.

Jumapili, 30 Machi. Ramadhani 29

Wamefungua. Muziki tangu asubuhi, chipsi zinakaangwa, kuku wanageuzwa, na mji mzima umefunga. Gurudumu likazunguka tupu. Walikuja wachache, wakapanda treni mara mbili, wakachoka. Mbuzi wawili waliingia, sikuwafukuza, walau wageni. Lulu akapiga picha kwa karibu ili uwanja usionekane mtupu.

Mchana mvua. Mvua hasa. Wote wakakimbilia kwenye kibanda chetu. Ilipopungua nikaenda nyuma ya boila na mwavuli.

Mchanga una madoa. Ya kahawia, mviringo, mengine kama sahani, mengine kama sinia. Katikati yake maji yanang'aa rangi rangi. Nikachuchumaa nikanusa. Miaka ishirini na minne, harufu ile ile.

Haidar akaja na kijiko akamwaga mchanga mpya juu. Ana glovu sasa, za kwake, kanunua mwenyewe. Hakunisalimu.

Magharibi mwezi umeonekana. Redio imetangaza. Adila anapiga pasi kofia yake. Anachechemea, ananificha.

Jumatatu, 31 Machi. Idi Mosi

Naandika nimekaa benchini, benchi liko katikati ya mchanga. Daftari nilikuja nalo kikapuni. Saa tano kasoro.

Nianze mwanzo. Baada ya sala ya Idi nilipita kwa Gertruda. Tulikuwa hatujasemeshana tangu siku ile ya majivu. Nikasimama mlangoni kwake na kanga mpya, nikasema, shoga, nisaidie kubeba benchi. Hakuuliza benchi gani. Akavaa viatu.

Tukalitoa kibandani tukalileta huku, tukakaa. Adila alikuwa kwenye kamba ya kuingilia mchangani, na kofia yake. Mama, Idi njema, benchi ni la kibandani. Nikamwambia mtoto yeyote asipite hapo. Akacheka. Akaona sicheki.

Saa nne Maalim Mbaruku akaingia na watoto wake wa madrasa. Mia mbili kweli, kanzu mpya, magauni ya kumetameta, wengine viatu vimekwisha vuliwa viko kwapani. Lulu mbele na simu. Alipotuona akafurahi! Akadhani ni sehemu ya onyesho, ameanza kutuchukua video. Bibi Korosho, sema kitu kwa watoto!

Basi nikasema. Nilisema kwenye simu yake ile ile. Kwamba chini ya mchanga huu kuna shimo la mafuta yanayounguza, halikusafishwa, lilifukiwa, na aliyemwambia mkaguzi kuwa limesafishwa ni mimi Mwaija, na cheti kilichotundikwa mle ndani ni cha uongo. Lulu akashusha simu. Nikapiga magoti nikachimba kwa mikono. Mchanga mweupe, mchanga wa kijivu, kisha likaja lile tope. Nikalinyanyua kila mtu alione.

Maalim Mbaruku hakusubiri la pili. Alipiga kofi moja tu: vaeni viatu, tokeni, tokeni! Watoto sasa wako nje ya ukuta, nasikia wanalilia treni.

Farhan kaja mbio. Akakanyaga tope, viatu vyeupe vile, hata hajaviona. Cheti kinasema, akaanza. Nikamwambia cheti kinasema nilivyosema mimi, na mimi nilidanganya. Akaniita mchawi. Akaniita mzee aliyechanganyikiwa. Akasema nimemwacha atumie kila alichonacho miezi mitatu huku nakula mshahara wake na kumcheka. Hilo la mwisho ni la kweli. Sasa yuko kule kwenye farasi wa kuzunguka, anapiga simu, sijui polisi, sijui wakili.

Haidar alishuka kwenye kijiko. Akalitazama tope, akatazama mikono yake, akanitazama mimi. Uchafu wa kiwanda, akasema. Akatoa ufunguo wa kijiko akautia mfukoni akaenda zake.

Na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya yote hayo nilikuwa bado nafurahi. Viatu vya Farhan, uso wa Lulu, injinia na ramani yake anatafuta pa kujificha. Nilisema moyoni, mnaona sasa? Mnaona! Nilifurahi mpaka nilipogeuka.

Adila alikuwa ameketi ukingoni, mguu mmoja juu ya goti, anatenganisha vidole. Ngozi imetoka, chini pamekuwa pekundu. Kofia kaiweka pembeni. Akalitazama lile tope mkononi kwangu, akatazama mguu. Hakuuliza habari ya mkaguzi. Hakuuliza habari ya cheti wala ya kazi yake.

Alisema, Mama, wiki tano nakanyaga hapa. Wewe ulijua?

Nikatoa daftari. Nimejifuta vidole kwenye kanga, karatasi zinachafuka hata hivyo. Nimeandika yote haya toka juu, haraka haraka, sijainua kichwa. Ameinuka, amekuja hadi hapa, kivuli chake kiko kwenye ukurasa. Peku bado. Nimemwambia vaa viatu mwanangu. Hajavaa.

Ameuliza tena, sasa kwa sauti ndogo. Gertruda ananigusa kiwiko, anasema Mama Adila, weka kalamu chini, mtoto anakuuliza